Nakula Kodi, Lakini Sina Raha

*Shikamoo Mama,*

*Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, tunaishi Tanga. Nilizaliwa peke yangu. Mama mzazi alitangulia zamani, na baba alipofariki aliniachia nyumba tatu za vyumba sita sita hapa Ngamiani, zote zina wapangaji. Wakati huo nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nikaona sina sababu ya kuhangaika na mshahara ule, nikaacha kazi. Kodi anakusanya dalali, ananitumia kwenye simu. Hatulali njaa, ada za watoto zinalipwa, deni sina.*

*Tatizo langu naona hata aibu kulisema. Sina raha. Naamka saa tatu, nakunywa chai, naenda kijiweni kucheza drafti. Narudi kula, nalala, naamka, nashika simu mpaka usiku. Mke wangu anapika mikate ya kumimina na visheti, anawapelekea wenye maduka. Yeye anaamka saa kumi alfajiri. Jioni anarudi amechoka hoi, lakini anacheka na ana habari za kusimulia. Mimi sina habari. Nikajaribu kumshauri namna ya kuiendesha biashara yake, akaniambia, "Mume wangu, nipishe, nina wateja."*

*Siku ya hitma ya baba, mjomba aliniita kupe mbele za watu. Wakacheka, nami nikacheka, ila usiku ule sikulala. Rafiki zangu wananiambia nimeula, nimshukuru Mungu, niache kujipa presha.*

*Mama, mimi ni mtovu wa shukrani? Nirudi kazini? Nifungue biashara? Au nijifunze tu kuridhika?*

*Mwenye Nyumba, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo, na Mungu amrehemu baba yako.

Nianze na swali la shukrani nilimalize. Wewe si mtovu wa shukrani. Rafiki zako wanahesabu unachoingiza. Wewe, barua nzima, umehesabu unachokifanya tangu kuamka hadi kulala, na hesabu imekutokea sifuri. Hizo ni hesabu mbili, na ya kwanza kukaa sawa hakuifanyi ya pili ikae sawa. Mtu mzima mwenye akili zake hawezi kuacha kuiona hiyo ya pili, hata aambiwe mara ngapi kwamba ameula.

Najua wapo wasomaji watakaosonya wakifika hapa. Yupo kijana aliyemaliza chuo anayezunguka na bahasha ya vyeti mpaka soli za viatu zimeisha. Yupo baba anayekwenda kusimama alfajiri mahali wanapochukuliwa vibarua, na mara nyingi anarudi bila kuchukuliwa. Hao sitawahubiria raha ya kazi. Aliyetafuta akakosa hadaiwi mahubiri, na mgonjwa au mzee aliyekwisha kufanya yake hapungukiwi utu kwa kukaa. Nayasema haya kwako wewe, mwanangu, kwa sababu una afya, una muda, na kazi ipo karibu nawe kuliko unavyodhani. Nitakuonyesha iliko.

Kwanza tuelewe kinachokuuma. Kuna mahali panaitwa Marienthal, karibu na Vienna, nchini Austria. Palikuwa na kiwanda cha nguo kilichoajiri karibu watu wote wa pale, na mdororo mkubwa wa uchumi ulipoanza, miaka ya 1929 na 1930, kiwanda kikafungwa. Watafiti vijana, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuwachunguza watu hao, na mwaka 1933 wakatoa kitabu juu ya walichokiona. Walikaa dirishani na saa mkononi wakipima mwendo wa wapita njia. Wanaume, waliokuwa na siku nzima ya kufanya watakalo, walitembea polepole kuliko wanawake na kusimamasimama njiani. Maktaba ya pale haikufungwa, na watu walikuwa na muda wa kusoma kuliko wakati wowote wa maisha yao, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Wanaume walipotakiwa waeleze saa zao zimekwendaje, wengi walikosa la kueleza. Wanawake walikuwa wamepoteza mshahara uleule, ila nyumbani kulikuwa na moto wa kuwasha, nguo za kufua na watoto wa kulisha, na siku zao bado zilikuwa na mwanzo na mwisho.

Watu wale walikuwa na njaa, ambayo wewe huna, kwa hiyo sikulinganishi nao kwa shida. Nimewataja kwa sababu ya alichokuja kukieleza Jahoda miaka mingi baadaye. Alisema kazi, ukiacha mshahara, humpa mtu mambo matano: inampangia saa zake, inamkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, inamtia katika lengo lililo kubwa kuliko yeye, inampa nafasi na jina mbele za wenzake, na inamlazimisha kujishughulisha. Sasa rudi siku uliyoacha ukarani. Ulidhani unaacha mshahara mdogo, na kwa upande wa fedha hukukosea. Ila yale matano yalikuwa ndani ya ile kazi, na hakuna mtu anayekutumia hayo kwenye simu kila mwisho wa mwezi.

Mkeo anayo yote matano. Saa kumi alfajiri inamwamsha, mwenye duka anamngoja, mkate ukiungua anajua leo amekosea wapi na kesho afanye nini. Anacheka jioni kwa kuwa siku yake ina visa. Alipokwambia "nipishe" hakukudharau. Alikuwa na kazi mkononi, nawe ulimwendea kama meneja. Ukitaka kumsaidia, muulize anataka nini, na akisema umbebee maji au umsuguie vyombo, fanya hilo hilo bila kuongeza ushauri. Biashara ile ni yake, na usitafute dawa ya upweke wako humo.

Tumjie mjomba. Neno alilokuita lina historia, na kwa umri wake nadhani alilizoea ujanani. Azimio la Arusha, Februari 1967, liliweka masharti ya viongozi, na mojawapo lilikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria iliyoiwezesha serikali kuchukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Siku hizo aliyekula kodi alihesabiwa miongoni mwa wanyonyaji, na wanyonyaji waliitwa kupe hadharani. Masharti yale yalikuja kulegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na leo viongozi wana nyumba za kupangisha bila kuona haya. Sheria zimebadilika, neno limebaki kwenye vinywa vya wazee.

Je, ana haki? Mimi sioni ubaya wa kodi yenyewe. Watu hawawezi kulala nje, si kila mtu ana uwezo wa kujenga, na anayejenga akapangisha anafanya jambo lenye faida kwa wengine. Baba yako hakuwa kupe. Ukiona vyaelea vimeundwa, na zile nyumba tatu ni jasho lake lililosimama. Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na kuna jambo limenigusa. Ina mke, ina mjomba, ina dalali, ina rafiki wa kijiweni. Haina mpangaji hata mmoja. Vyumba kumi na vinane, pengine watu hamsini au zaidi wanaooga kwenye mabafu yako na kulala chini ya mabati yako, na hukuniandikia jina la hata mmoja wao, wala kama paa linavuja, wala kama choo cha uani kimejaa. Hapo mjomba amekukaribia. Nyumba umerithi, lakini kazi ya baba yako hukuirithi. Ile imekaa inangoja mtu.

Kwa hiyo jibu langu kwa maswali yako mawili ya katikati ni hili: usirudi bandarini kwa sasa, na usifungue biashara yoyote. Biashara inayofunguliwa na mtu anayekimbia uvivu wake huishia kwa kijana wa kuajiriwa anayekaa dukani huku mwenye mali amerudi kwenye drafti. Nenda kwenye nyumba zako.

Anza kwa kuzikagua. Piga hodi, kaa uani, salimia, usiingie chumba cha mtu bila kukaribishwa, na kama wengi wa wapangaji ni akina mama uongozane na mkeo siku ya kwanza. Usiende na habari ya kodi. Dalali mwache aendelee na kazi yake, maana naye ana watoto. Wewe uliza jambo moja tu: nini kimeharibika? Kisha nyamaza, uandike. Utasikia juu ya bomba linalotiririka, LUKU ya pamoja inayowagombanisha, dirisha lisilo na wavu wa mbu, fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa. Halafu mtafute fundi anayeaminika mtaani umwambie: kazi hizi nakupa wewe, malipo yako kamili, na kibarua wako umlipe kama kawaida, ila nataka nikusaidie kwa mikono yangu na unifundishe. Hilo la kibarua nalitilia mkazo. Ukishika sururu ili kijana wa watu akose hela yake ya siku, umenunua raha yako kwa chakula cha mwenzio.

Fundi atacheka, atakuita bosi, atakutafutia kiti. Kikatae. Mwombe akuanzishe na ile fremu ya mlango. Nimewatazama mafundi wakiifanya kazi hiyo, na kwa mtu aliye katika hali yako sijui shule nzuri zaidi. Fremu kuukuu inang'olewa, na ukiigonga unasikia utupu ndani, mchwa wameacha ngozi ya rangi tu. Fremu mpya ya mkongo inapakwa oili chafu upande utakaoshika ukuta. Inasimamishwa kwenye uwazi, inabanwa kwa vipande vya mbao, kisha fundi anashusha timazi kutoka juu na kungoja ile risasi iache kuyumba. Anatazama uzi na mbao, uzi na mbao. Anagonga kidogo huku, anagonga kidogo kule, anashusha tena. Mtu asiyejua ataona anachelewesha. Saruji ikishakauka na mlango ukafungwa kwenye bawaba, anaufungua nusu, anauachia. Mlango uliosimikwa sawa unabaki palepale ulipoachwa. Fremu ikiwa imelala hata kidogo, mlango utajifunga au kujifungua wenyewe, na utafanya hivyo kila siku mpaka fremu ing'olewe tena.

Mlango haujui kwamba wewe ndiye mwenye nyumba. Kijiweni watakucheka au watakusifu kwa jinsi ulivyolipia kahawa, dalali atakwambia ndiyo bosi, hata mtoto nyumbani anajua lini akubembeleze. Mbao haibembelezi mtu. Ukipima vibaya umepima vibaya, na huwezi kuitumia hela kwenye simu ili ikubali. Mtu anayefanya kazi ya namna hiyo siku baada ya siku anajifunza kusema ukweli, kwa sababu kila uongo wake unaonekana pale mlangoni. Anajifunza subira, maana saruji haikauki kwa hasira. Anajifunza pia kuwaheshimu wanaojua kuliko yeye, wawe na nguo zilizochanika namna gani. Wazee walipounganisha kazi na utu hawakuwa wakiwahimiza watu kwenda shamba tu. Walikuwa wameona kwamba tabia njema nyingi hazifundishiki kwa maneno.

Na raha? Raha inakuja nyuma ya hayo, na inachelewa. Wiki za mwanzo utaumwa mgongo, utatoka malengelenge, utaona drafti ilikuwa na nafuu. Usijipime siku hizo. Itakuja siku mpangaji atakapofungua mlango wake kwa kidole kimoja, baada ya mwaka mzima wa kuusukuma kwa bega, na atakutajia jina. Siku hiyo utakuwa na habari ya kumsimulia mkeo.

Usije ukadhani haya ni ya wasio na kitu. Katika mafundisho ya Kiislamu Nabii Daudi ni mfalme, mwenye enzi na hazina, na bado Mtume ametusimulia kwamba alikuwa hali ila kilichotokana na kazi ya mkono wake. Alifua chuma, akatengeneza deraya. Hakulazimishwa na njaa. Na wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo nakukumbusha na mtu wa kwenu. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na katika *Utubora Mkulima* alimwandika karani aliyeacha kazi nzuri mjini akaenda kulima Busutamu. Watu walimshangaa. Wewe na Utubora mmefanya jambo lilelile la kuacha kalamu. Yeye alitoka kwenye kalamu akaenda kwenye jembe, wewe ukaenda kwenye kete. Kuacha kazi hakukuwa kosa lako.

Nikuonye mambo matatu.

La kwanza, kazi peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema. Wapo wachapakazi wanaodhulumu tangu asubuhi hadi jioni. Kwako wewe mtihani uko karibu: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Umewahi kuwarudishia, au kuwapunguzia kwenye pango? Kama hujawahi, anzia hapo kabla hujashika nyundo, maana mlango mzuri hauwezi kufunika deni.

La pili, usifanye mchezo wa tajiri anayecheza ufundi kwa mwezi mmoja. Ukiona umeipenda kazi, isomee. Chuo cha VETA kipo hapo hapo Tanga na kina kozi fupi, na fundi wako aliyejifunzia mtaani anaweza naye kwenda kupimwa na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Mlipie ada hiyo. Itakuwa shukrani nzuri kuliko soda. Kama useremala utakukataa, jaribu bomba, umeme, upakaji rangi, hata bustani ya uani. Muhimu kiwe kitu chenye mtu anayekingoja, na kigumu kiasi cha kukushinda mwanzoni.

La tatu ni la afya. Ukifika mahali huwezi kuamka kabisa, chakula hakipiti, usingizi umekutoka kwa wiki nyingi au unaona afadhali usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Usitafute kuuponya kwa nyundo wala kwa barua ya gazetini. Nenda Hospitali ya Bombo ukaonane na daktari, na mwambie mkeo kabla ya kwenda.

Limebaki swali lako la mwisho, kama ujifunze kuridhika. Kuridhika na riziki ni jambo jema, na naona unalo tayari, kwa kuwa barua nzima hujaomba hata shilingi moja ya ziada. Shika hapo hapo. Ila kuridhika na nafsi yako ilivyo leo, ukiwa na miaka 36, macho mazima na mikono mizima, hilo sikushauri, na nadhani baba yako asingekushauri.

Andika orodha yako ya vilivyoharibika wiki hii, na mabati yatangulie, maana masika haisubiri fundi. Ikianza kunyesha ukiwa juu ya paa la watu wenye shida zao, hutapata nafasi ya kuniandikia barua ndefu kama hii, na mimi sitakulaumu.